Jibu: Chuo cha jijini au cha mji mdogo?
Salaam ndugu. Umekwama kati ya vyuo viwili, kozi ileile: kimoja jijini, ada juu, kampuni nyingi jirani, kingine mji mdogo, maisha nafuu.

Anza na ithibati ya kozi yenyewe, si ya chuo tu. Bodi ya taaluma yako isipoitambua, kukaa karibu na kampuni hakutakupa leseni.

Kisha omba ratiba ya mafunzo kwa vitendo. Hapa ndipo penye jibu. Yakiwa wakati wa likizo ndefu, hata wa mji mdogo anafunga begi, anakwenda jijini na kurudi. Yakiwa siku moja au mbili kila wiki katikati ya muhula, jiji linashinda waziwazi. Waulize wa mwaka wa mwisho nani aliwatafutia nafasi: idara, au kila mtu na bahasha yake ya barua hadi kwa mlinzi wa getini?

Gharama zipige za miaka yote. Bweni mara nyingi huwa la mwaka wa kwanza. Baada ya hapo ni chumba cha kupanga, nauli na foleni.

Ratiba zikifanana, ningechukua mji mdogo. Ila hukutaja kozi; ingekuwa uandishi wa habari, ningesita.