Nissan GT-R R35: usilipie sura peke yake

Ndugu, umeuliza kama sura na bei ya GT-R R35, gari la michezo la Nissan, vinatosha kuinunua. Sura pekee haitoshi. Taa zake nne za duara nyuma zinapendeza kweli, ila ndani ya matoleo ya awali kumeshazeeka. Unacholipia ni injini ya V6 (silinda sita zilizopangwa kama herufi V) ya lita 3.8 yenye turbo mbili, iliyoundwa kwa mkono na fundi mmoja kule Yokohama, ikisukuma magurudumu yote manne. Mwaka 2007 gari hili liliuzwa Japani kuanzia yeni milioni 7.77. Uzalishaji ulikoma 2025, kwa hiyo usitegemee ishuke bei sana.

Kabla ya kulipa, washa injini ipate moto, kisha isikilize gari likiwa limesimama. Mlio wa chuma kugongana nyuma ya injini huwa ni beringi ya shafti inayopeleka nguvu kwenye giaboksi. Giaboksi yenyewe iko nyuma, ina klachi mbili na hujazwa takriban lita 10 za oili maalumu. Dai risiti za kubadilisha oili hiyo. Gia ikishtuka au ikikataa kuingia, achana na gari hilo, matengenezo yake ni ghali mno.

Tairi ni za rimu ya inchi 20: saizi 255/40 mbele, 285/35 nyuma. Zote ziwe za aina moja na zimelika sawa, la sivyo mfumo wa magurudumu manne huumia.