Fistula Yangu Haikuvuja, Ndiyo Maana Hakuna Aliyeiona

Wiki iliyopita, saa nane usiku, dada mmoja aliniandikia: "Dada, tangu nijifungue kwa upasuaji sijaona siku zangu. Lakini kila mwezi nakojoa damu siku nne, kisha inakata yenyewe. Nimeshapewa dawa za maambukizi ya mkojo mara tano. Nifanyeje?"

Nilikaa kitandani nikausoma mara mbili. Alikuwa anaueleza mwili wangu.

Mtoto wangu wa pili alitolewa kwa upasuaji wa dharura. Kovu la upasuaji wa kwanza lilikuwa limegandana na kibofu, na kwa siku mbili mfuko wa kukusanyia mkojo niliowekewa ulikuwa na damu. Nikaambiwa itakwisha, na kweli ikaisha. Miezi saba baadaye tumbo likaanza kuniuma kama mtu anayetaka kuingia hedhini. Nikavaa pedi. Jioni pedi ilikuwa nyeupe vilevile, kavu kabisa, ila nilipokojoa kwenye kikombe, mkojo ulikuwa mwekundu kama maji ya kitambaa kipya kinachochuja rangi.

Daktari aliuliza swali moja: "Mkojo unakuvuja?" Nikasema hapana. "Basi si fistula," yaani hakuna tundu lililounganisha kibofu na kiungo kingine. Akaandika antibiotiki. Nilizinywa, damu ikakata baada ya siku nne, wote tukaamini dawa imefanya kazi. Mwezi uliofuata ikarudi. Nimeishi hivyo miaka mitatu, na bado nina uchungu nikiikumbuka, hasa siku niliyoambiwa nina wasiwasi tu.

Kilichoniokoa ni kadi ya kliniki ya mtoto. Nyuma yake nilikuwa nikiandika tarehe ya kila damu, kwa sababu tu nilikuwa nimechoka kusahau. Daktari mpya aliniomba historia, nikamkabidhi kadi. Akahesabu kwa ncha ya kalamu: siku 28, 29, 28. Akaiweka kalamu chini. "Hii si damu ya kibofu," alisema. "Hii ni hedhi yako. Imepata njia nyingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kati ya kizazi na kibofu kulikuwa na tundu. Mwaka 1957 daktari wa Misri aitwaye Youssef aliieleza hali hii, na hadi leo inaitwa sindromu ya Youssef: mwanamke amejifungua kwa upasuaji, hedhi haionekani ukeni, inatoka na mkojo, na mkojo wenyewe hauvuji. Hauvuji kwa sababu tundu liko juu ya sehemu nyembamba iliyo kati ya mwili wa kizazi na mlango wake. Sehemu hiyo hubana kama vali. Damu inapita kuingia kibofuni, mkojo haupati njia ya kushuka. Wapo wengine ambao tundu lao linavuja, au wanaotoa damu njia zote mbili, kwa hiyo usijipime kwa hadithi yangu peke yake.

Chanzo kikubwa ni upasuaji wa kujifungua, zaidi ukiwa umerudiwa: kibofu hakikusogezwa chini vya kutosha, kikakatwa, au sindano ya mshono ikakinasa. Kizazi kilichopasuka wakati wa uchungu, kondo la nyuma lililojichimbia hadi kibofuni, kitanzi kilichotoboa kizazi na tiba ya mionzi navyo huweza kusababisha. Tundu huweza pia kufunguka kuelekea ngozi ya tumbo, kovu likatoa damu kila mwezi, au kuelekea utumbo mpana, ukaona usaha, upepo au choo ukeni. Haya ni nadra, na ugonjwa nadra hautafutwi na mtu asiyeupata akilini.

Vipimo navyo vina mtego. Kwanza waliniwekea maji ya bluu kibofuni kwa mpira wa mkojo, wakaangalia mlango wa kizazi. Hakuna hata tone. Nililia pale pale juu ya kitanda, nikijua nitarudishwa kwenye antibiotiki. Daktari akasema vali ileile inayozuia mkojo ndiyo imezuia bluu, tuingilie upande wa pili. Kesho yake wakapitisha dawa ya picha kwenye mlango wa kizazi chini ya eksirei. Niligeuza shingo kutazama kioo: kizazi kikajaa weupe, kisha uzi mwembamba ukachomoza mbele, na kibofu kikaanza kujaa. Baadaye kamera ndogo ya kibofuni ikaonyesha tundu lenyewe, kwenye ukuta wa nyuma. Wengine hupimwa kwa mashine za picha za MRI au CT.

Matibabu nitayapitia haraka. Tundu dogo likigunduliwa mapema, wakati mwingine huziba kwa mpira wa mkojo wa wiki kadhaa au dawa za kusimamisha hedhi. Langu lilikuwa limekomaa. Walitenganisha kibofu na kizazi, wakashona kila kimoja, wakaweka utando wa mafuta wa tumboni katikati. Siku nilipoona damu kwenye pedi nilimwita mume wangu aje aione.

Kwa hiyo dada yangu, andika tarehe. Damu ya mkojo ikija kila mwezi, sema "inakuja kila mwezi", usiseme tu "nakojoa damu". Taja kila upasuaji uliofanyiwa, hata kama hujaulizwa. Omba kuonwa na bingwa wa wanawake na bingwa wa mfumo wa mkojo, maana tundu liko mpakani mwao. Usikubali kuambiwa si fistula kwa sababu huvuji. Na tarehe, narudia, ziandike.

Yule dada alinijibu kwamba hakuwahi kuandika chochote. Nikamwambia atafute vyeti vyake vya dawa. Jana amenitumia picha: vyeti vitano vimepangwa sakafuni, vya miezi mitano mfululizo, na kati ya kimoja na kingine zimepita wiki nne au karibu na hapo. Alhamisi anakwenda navyo kwa bingwa.