Kamera kwenye jengo la halmashauri zinamsaidiaje rubani?

Ndugu uliyeuliza kwa nini halmashauri iruhusu kamera za kuwaonyesha marubani hali ya anga kwenye jengo lake wakati vipimo vya hali ya hewa vipo tayari: vipimo hutoa habari ya pale kifaa kilipo tu. Wingu lililoziba bonde la mbele haliingii humo. Tazama Alaska. Vijiji vingi kule havifikiki kwa barabara, ndege ndogo ndiyo basi lao na ndiyo gari la wagonjwa. Tangu 1999 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imekuwa ikifunga kamera huko, na picha mpya huja kila baada ya dakika 10. Pembeni yake ipo picha ya siku anga ilipokuwa safi, milima imeandikwa umbali na urefu wake. Rubani akiona kilele fulani hakionekani, anajua kabla hajawasha injini kwamba pale hapapitiki. Bila picha ile huruka akaone mwenyewe, na wapo ambao hawakurudi. Kamera inataka mahali pa juu, umeme na mtandao, na jengo la umma mara nyingi linavyo vyote. Mimi ningekuwa diwani ningepitisha kesho asubuhi, ila mkataba useme wazi nani analipa umeme na nani anapanda kufuta kioo kikichafuka.