Tiba ya kufuata vidole kwa macho: mimi nimeipitia

Mkuu, umeuliza kama hii EMDR, yaani tiba ya kukumbuka tukio baya huku macho yanafuata vidole vya mtaalamu, inaweza kumtoa mdogo wako kwenye hofu ya ajali, au ni usanii wa kula hela. Na mimi nilidhani usanii.

Nilipata ajali ya basi usiku, barabara ya Morogoro. Mguu ulipona, ikabaki honi. Lori likipiga honi, hata niwe sokoni nachagua nyanya, mikono inakufa ganzi na nasikia harufu ya dizeli. Nyumbani wakasema nimerogwa. Nikapewa vidonge vya usingizi. Nikawa nalala fofofo na ndoto ziko palepale.

Mwanasaikolojia niliyempata baadaye hakugusa habari ya macho vikao viwili vizima. Alichukua historia yangu, akanifundisha kujituliza: unapishanisha mikono kifuani, unajigonga mabega kwa zamu, kama kipepeo. Nikaona hela inapotea bure. Kikao cha tatu akaniambia nichague picha moja, ile mbaya kuliko zote. Yangu ni kiatu cha mtoto tuliyekaa naye siti moja. Niipe alama ya inavyoniumiza, 0 mpaka 10. Nikasema 9. Nikiiona najiambia nini? "Ningemshika."

Akapeleka vidole viwili kulia, kushoto, nami navifuata kwa macho huku naiwaza ile picha, kama nusu dakika, akasimama. "Vuta pumzi. Kuna nini sasa?" Basi, anaendelea. Raundi ya sita au ya saba hivi ikanijia kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: mkono wangu ulikuwa umebanwa chini ya siti. Nililia mpaka kamasi. Siku hiyo tuliishia 4.

Kiatu bado nakikumbuka, msidanganyane kwamba kinafutika. Ila juzi lori limenipigia honi Ubungo, nikageuka nikatukana kama watu wengine.

Aliyeianzisha ni Francine Shapiro, Mmarekani, mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2013. Kama macho yenyewe ndiyo yanayotibu, wataalamu bado wanabishana. Wengine wanasema akili ikishughulika na vidole haiwezi kuibeba ile picha kwa nguvu zote, ndiyo maana inapoa. Kwangu inaingia akilini.

Mdogo wako asijaribu na zile video za kidoti kinachokimbia kwenye simu. Ukifungua kidonda uko peke yako chumbani, nani atakifunga? Mtafutie mtu aliyesomea tiba hii yenyewe. Na akitaka kuanza na vidole siku ya kwanza, hata historia hajauliza, inukeni muondoke.