Sinia la fedha si la kufungiwa kabatini

Tangu niweke picha za siku tulipopokea barua ya posa ya mdogo wangu, simu yangu haijatulia. Nilidhani watu wangeulizia nguo au mapishi, kumbe wanaulizia masinia. "Dada, yale masinia ya silva umeyatoa wapi?" "Ni mapya au ya zamani?" Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia kwa uchungu kwamba aliachiwa sinia na bibi yake, sasa limeanza kutoa wekundu kwenye kingo, na mumewe anataka wamuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita mtaani. Nimeona niwajibu wote kwa pamoja.

Kwanza niseme wazi kwamba siku ile nilifurahi sana. Wageni wetu walikuwa wazee kutoka Tanga, watu waliokulia kwenye ukarimu, hawadanganywi na mapambo ya kukodi. Kahawa na vikombe vyake vilikuja juu ya sinia la mviringo lenye ukingo wa nakshi za matundu. Tende na kashata zilikaa kwenye dogo la miguu mitatu, lile lisilo na mikono. Sambusa zikabebwa kwenye lile refu la mikono miwili, chini nimetandika jani la mgomba. Mzee mmoja alipomaliza kahawa alilipindua sinia taratibu, akasoma maandishi ya chini, akauliza, "Hili limetoka kwa nani, mwanangu?" Katika miaka yote ya kukusanya vyombo hivi, hilo ndilo swali nililolisubiri. Tulizungumza mpaka mdogo wangu akanikonyeza nikumbuke kilichowaleta.

Nalitaja swali hilo kwa sababu kwetu sikuwahi kuulizwa. Nilipoanza kununua masinia ya zamani, shangazi yangu aliniambia mbele ya wageni, "Unawalisha watu kwenye vyombo vya marehemu." Watu wakacheka. Mimi niliendelea kumimina chai, lakini maneno yale yalikaa, na leo bado yapo. Shangazi anavaa pete ya bibi yetu, na bibi tulimzika zamani. Hakuna aliyewahi kumwambia kitu, na wala hapaswi kuambiwa. Chombo kilichopendwa na mtu aliyetangulia ni heshima kwa anayekitumia leo. Ukisikia maneno kama hayo nyumbani kwenu, usiyajibu. Pakua chakula, karibisha watu.

Sasa, yanatoka wapi? Mji huu wa Dar es Salaam una masinia mengi kuliko watu wanavyofikiri. Waingereza waliitawala Tanganyika mpaka 1961, na maofisa, wafanyabiashara na watu wa klabu walikuwa na vyombo vya namna hii mezani. Majumba ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, familia nyingi zenye asili ya India zilihamia Uingereza na Kanada, na vyombo vingine vikabaki kwa ndugu, kwa majirani, kwenye stoo. Ndiyo maana mimi husikiliza sana habari za nani anahama Upanga au Kisutu, na nani wa Masaki au Oysterbay anauza vitu vya nyumba nzima kabla ya kurudi kwao. Ukivuka kwenda Unguja, maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe yanayo, ila bei zake zimewekwa kwa ajili ya watalii, kwa hiyo nenda ukiwa na subira na maneno matamu. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao msiwadharau. Kwao sinia hupimwa kwa kilo, na sinia langu la mikono miwili lilitoka huko, limelala chini ya injini ya pikipiki.

Kabla ya kutoa hela, jua unachonunua. Mengi si fedha tupu. Zamani, fundi wa mji wa Sheffield, Uingereza, aitwaye Thomas Boulsover aligundua, kwenye miaka ya 1740, namna ya kuunganisha bamba la fedha na la shaba kwa moto, kisha yakatandazwa kama kitu kimoja. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ikapata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya kupaka fedha kwa umeme, na kuanzia hapo sinia linalong'aa likaweza kufika kwenye meza ya mwalimu na karani. Haya tunayokutana nayo Dar karibu yote ni ya umeme. Chini utaona herufi EPNS: maana yake ni fedha iliyopakwa kwa umeme juu ya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Huo mchanganyiko wa ndani hauna fedha hata chembe. Na neno Sheffield peke yake likigongwa chini lisikupandishe presha, hilo ni jina la mji tu. Fedha halisi ya Uingereza ina mhuri wa simba anayetembea, na namba 925 (sehemu 925 za fedha kati ya 1000) ukiiona, mpelekee sonara unayemwamini aipime.

Muuzaji akikuapia ni silva, tembea na sumaku ndogo kwenye pochi. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopigwa kromu, rudisha. Isiponasa, bado hujathibitisha kitu, maana shaba na mchanganyiko wa nikeli nazo hazinasi. Kwa hiyo pindua, lisogeze kwenye mwanga wa jua, angalia sehemu zinazosuguliwa zaidi: ncha za miguu, mikono, kingo, vilele vya nakshi. Ukiona uwekundu, shaba imetokeza. Ukiona unjano hafifu, ni ule mchanganyiko wa ndani. Weusi usikutishe kabisa, weusi unatoka. Kinachonikimbiza ni mikono inayocheza na mashimo madogo ya kuliwa na chumvi, kwa sababu hayo hayana dawa ya nyumbani.

Dada wa Tabata, wekundu wako ndio huo. Bibi yako alilitumia na kulisugua miaka mingi mpaka fedha ikaisha pembeni, na hilo haliliui sinia. Acha wekundu ulivyo. Usiweke chakula chenye maji au ndimu moja kwa moja juu yake, maana asidi haielewani na shaba iliyo wazi. Tandika kitambaa au jani, weka visheti, tende, vikombe. Na tafadhali mwambie shemeji kwamba mwenye vyuma chakavu analipa uzito, halipi nakshi.

Juu ya usafi nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu naona ushauri wa ajabu mtandaoni. Dawa ya meno, hapana. Majivu, mchanga, stili waya, hapana kabisa. Kila msuguo unaondoka na fedha, na fedha iliyopakwa ni utando mwembamba. Weusi wenyewe ni fedha iliyokutana na salfa ya hewani, na hapa kwetu joto na unyevu wa pwani vinauharakisha. Adui wakubwa wako mezani: mayai, kitunguu, chumvi, ndimu. Bakuli la kachumbari lina watatu kati yao kwa pamoja, kwa hiyo kachumbari ikae kwenye bakuli la kioo, na bakuli ndilo likae juu ya sinia. Wageni wakiondoka, usilale. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, suuza, kausha hapo hapo kwa kipande cha kanga kuukuu, hakuna kitambaa kinachokishinda kwa ulaini. Sinia linalotumika na kuoshwa hivi kila wiki halipati nafasi ya kuwa jeusi. Langu la mviringo hulipaka krimu ya kung'arishia fedha Ramadhani inapokaribia, basi.

Likiwa limeiva weusi kweli, tandika foili ya alumini ndani ya beseni la plastiki, laza sinia ligusane nayo, mimina maji ya moto yenye magadi soda. Salfa itaiacha fedha na kuifuata alumini, utasikia harufu ya yai viza, na weusi utafifia ukiangalia. Usifanye hivyo kwa sinia lenye kivuli cheusi cha makusudi ndani ya nakshi, kitaondoka nacho. Kwa kuhifadhi, tumia pamba. Mpira wa kufungia na magazeti ya zamani viweke mbali.

Na majina yaliyochongwa katikati, zawadi ya mtu aliyestaafu au ya harusi ya watu usiowajua? Yaache. Fundi akiyasaga anaondoa fedha pamoja na jina, anakuachia kidonda cha njano katikati ya sinia. Fundi mmoja aliwahi kunishawishi anichovyee sinia langu kwenye kromu ya rimu za magari, "liwe jipya." Kromu ina ubluu na ubaridi usiofanana na fedha. Nilimshukuru nikaondoka nalo.

Swali la mwisho, ambalo hata majirani zangu mnaosoma hapa mnaniuliza: je, naazimisha masinia yangu? Ndiyo. Kwa maulidi, kwa harusi, kwa msiba, njooni mchukue, hata mrashi mtapewa. Nina sharti moja tu. Yarudishwe usiku ule ule, yakiwa machafu na mabaki ya pilau juu yake. Asiyaoshe mtu, nitayaosha mwenyewe.