Ukijifungua njiti, wewe si mgeni wodini

Ukisikia mtu anakwambia mtoto wa miezi saba anapona ila wa miezi minane haponi, mwitikie kwa heshima halafu endelea na safari yako. Huku Kanda ya Ziwa maneno hayo utayasikia hata kwa watu wazima wenye busara zao, lakini si kweli. Kila wiki mtoto anayoongeza tumboni inamkomaza mapafu, inamwongezea mafuta chini ya ngozi na nguvu ya kunyonya. Wa wiki 34 ana nafasi nzuri kuliko wa 30, na wa 30 kuliko wa 28. Njiti ni yeyote aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, na si wachache. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto njiti milioni 13.4, karibu mmoja katika kila watoto kumi.

Wangu alikuja wiki ya 30 na uzito wa kilo moja na gramu 200. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza, mkono wangu unaijua kilo bila mzani, kwa hiyo waliponitajia namba ile sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kilichonileta huko ni presha. Miguu ilivimba, kichwa kikauma siku nzima, macho yakaanza kuona vimulimuli. Wengine hufikishwa hapo na malaria, na maambukizi ya mkojo, na chupa kupasuka kabla ya wakati, au kwa kubeba akina Kulwa na Doto. Na wapo wengi ambao sababu haijulikani kabisa. Ndugu watakutafutia ya kwao: ulibeba ndoo, ulimjibu vibaya mama mkwe, kuna mtu kijijini ana jicho. Usiyabebe hayo. Utakuwa na vya kutosha vya kubeba.

Kama bado una mimba na umeona dalili kama zangu, au maji yametoka, au uchungu umeanza mapema, usikae nyumbani ukisubiri kuona kutakuchaje. Mwanza tuna Bugando, ambayo ni ya rufaa ya kanda, na Sekou Toure, ya rufaa ya mkoa. Ukiwa Sengerema siku hizi kuna daraja la Kigongo–Busisi, foleni ya kivuko imekuwa hadithi. Ukiwa Ukerewe hesabu zako ni za meli, kwa hiyo anza kuondoka mapema zaidi ya unavyodhani inahitajika. Hakuna gari la wagonjwa linalomsafirisha njiti salama kama tumbo la mama yake. Na ukifika mapema, daktari ana nafasi ya kukuchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, ambazo hutolewa kwa mimba isiyofika wiki 34 inapoonekana mtoto atatoka karibuni. Uliza kuzihusu. Kuuliza si ujuaji.

Sasa tuingie wodini.

Siku ya kwanza jiandae kwa jinsi atakavyoonekana. Ngozi nyembamba, nyekundu, mishipa yote unaiona. Mgongoni na mabegani ana vinyweleo laini. Sikio lake ukilikunja linabaki limekunjika, kwa sababu gegedu halijakaza. Kilio chake utadhani ni cha paka mchanga wa chumba cha pili. Puani kuna mrija wa hewa, mdomoni mrija wa maziwa, mkononi kanula, yaani kijimrija cha kupitishia dripu na dawa. Kuna mashine nyingine ina chupa ya maji inayotoa mapovu mfululizo. Hiyo inasukuma hewa ili mapafu yasijifunge kila anapotoa pumzi. Mapovu yakitoka ni dalili njema, usishtuke.

Kitu kitakachokushtua kweli ni pale mtoto anaposahau kupumua. Ubongo wake bado mchanga, anaweza kutulia kimya sekunde ishirini au zaidi mpaka midomo inabadilika rangi. Nesi anakuja, anamsugua unyayo kwa kidole, mtoto anavuta pumzi, nesi anaondoka zake kama hakuna kilichotokea. Mara ya kwanza niliishiwa nguvu za miguu. Kuna dawa wanayopewa kwa ajili ya hilo, na wengi huachana nalo kadiri wanavyokaribia tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa. Mwombe nesi akufundishe jinsi ya kumsugua, maana usiku wauguzi wachache na watoto wengi.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ninachotaka ukielewe mapema: wodi ya njiti haina wazazi wanaokuja kutazama. Mzazi ni sehemu ya matibabu. Joto linatoka kwako, maziwa yanatoka kwako, na macho yanayomwangalia muda mrefu kuliko yote ni yako.

Anza na maziwa. Ndani ya saa chache baada ya kujifungua anza kukamua kwa mkono, hata kama yanatoka matone tu. Yale ya mwanzo, mazito ya njano, ni kinga, na hata nusu kijiko wanayavuta kwa bomba la sindano na kumpa. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja mtoto hawezi mpaka afike kama wiki 32 hadi 34 za kuhesabu tangu mimba, kwa hiyo kabla ya hapo atakula kwa mrija, baadaye kwa kikombe kidogo, ndipo titi. Kamua kila baada ya saa mbili au tatu, na usiku pia. Watakuletea uji wa ulezi, supu ya sato, mchuzi wa kila namna. Kunywa, una njaa na una haki ya kula kitu kitamu. Ila kinachoongeza maziwa hasa ni kuyatoa mara kwa mara. Usimtazame jirani anayejaza kikombe kizima. Mtoto wako anahitaji mililita chache, na hizo chache unazo.

Halafu mzani. Asubuhi wodi nzima inaongea gramu. Siku za kwanza uzito utashuka, unaweza kupungua hata sehemu ya kumi ya aliozaliwa nao, na kuurudisha kunaweza kuchukua kama wiki mbili. Hakuna aliyeniambia hilo kabla. Baada ya hapo wanategemea aongezeke kama gramu 15 kwa siku kwa kila kilo aliyonayo. Yaani mtoto wa kilo moja na kitu akiongeza gramu 20, hiyo ni siku ya kupiga simu nyumbani. Kuna siku ataongeza, kuna siku atabaki palepale, kuna siku atashuka kwa sababu ya homa au tumbo. Wangu alipata manjano, akawekwa chini ya taa za bluu amefungwa kitambaa machoni, akatoka. Kisha akapata maambukizi, akarudishiwa dripu. Usipange tarehe ya kutoka. Na usiwape ndugu tarehe, watakuuliza kila siku.

Kangaroo, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ndiyo moyo wa yote haya, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Njia hii ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipokosa mashine za joto za kutosha akaanza kuwaweka njiti vifuani mwa mama zao. Watu wakaiona ni njia ya hospitali za maskini. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza mara moja baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali ya mtoto itulie, kunapunguza vifo kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza hivyo: kuanzia saa 8 hadi 24 kwa siku, isipokuwa kwa mtoto mahututi asiyeweza kupumua mwenyewe au ambaye damu yake haizunguki vya kutosha mwilini. Mahali fulani niliambiwa nisubiri mpaka afikishe kilo moja na nusu. Nawe ukiambiwa hivyo, uliza kwa upole sababu ni nini kwa mtoto wako.

Mtoto anavaa pampasi, kofia na soksi tu. Wewe unafungua kifua. Anakaa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, shingo isikunjike wala isirudi nyuma sana. Kitenge kipana kinazunguka wote wawili, kimekazwa vizuri, ukingo wake wa juu ukiishia chini ya sikio lake. Khanga moja ya kawaida huwa inalegea, nunua kitenge. Ukilala, lala umeegemea mito, usilale chali kabisa. Utatokwa jasho, mgongo utauma, na kwenda chooni itakuwa mpango wa watu wawili. Ndiyo maana usiifanye peke yako.

Baba anaweza. Dada yako anaweza. Mume wangu ni fundi wa mitumbwi, mikono yake ina sugu na harufu ya lami haikubali kutoka. Alinawa mpaka viwiko, akavua shati, akakaa. Akina mama wengine walicheka chini kwa chini, mmoja akauliza kama naye atanyonyesha. Wiki iliyofuata yule aliyeuliza alikuwa amemleta wa kwake. Kifua cha mwanamume kina joto lilelile, na ukipata saa mbili za kulala mfululizo utakamua maziwa zaidi kuliko dawa yoyote ya mitishamba itakavyokupa.

Kuhusu pesa niseme kwa kifupi. Sera ni kwamba mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini pampasi, nauli, chakula, na mara nyingine dawa ambayo haipo stoo utazitafuta mwenyewe. Mteue mtu mmoja wa kushika michango na mmoja wa kupokea simu. Ukitokea mjini na mama wa kitanda cha jirani katokea kisiwani Ukara, ongeza ugali kwenye hotpoti. Yeye ndugu zake hawana daladala ya kuja jioni.

Na watoto wengine hawatoki. Ukikaa pale utaona kitanda kimetandikwa upya asubuhi. Mama yule usimwambie Mungu atampa mwingine. Mwite kwa jina, msaidie kufunga mizigo, na kama ana maziwa yamejaa mwonyeshe nesi, maana hakuna anayekumbuka kuwa matiti hayajui kilichotokea.

Kutoka hospitali hakutegemei namba moja ya kilo. Wanaangalia kama anakula vizuri, anaongezeka uzito siku kadhaa mfululizo, na joto lake linakaa bila msaada. Nyumbani endelea na kangaroo mpaka mwenyewe aanze kusukuma na kukataa. Jiko la mkaa chumbani ni marufuku, hata masika, hata bibi akisema sisi wote tulikua hivyo. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Mimi pia nilikuwa nabadili nguo zote na kuoga nikitoka mwaloni kabla ya kumshika, kwa sababu ya moshi na vumbi la dagaa. Wageni wanawe mikono, mwenye mafua asalimie mlangoni. Asipewe maji, wala glukosi, wala dawa ya tumbo ya kienyeji. Maziwa yako tu. Akiwa wa baridi miguuni na hapati joto hata kifuani, akikataa kula, tumbo likivimba, akitapika kijani, akidegedeka, akiwa wa manjano mpaka viganjani, au akisitasita kupumua, usipige simu kwa shangazi kwanza. Hospitali, usiku huohuo.

Chanjo zinafuata tarehe aliyozaliwa, hazisubiri akue. Kukua kwake ndiko kunahesabiwa tofauti: toa wiki alizowahi. Wangu aliwahi wiki kumi, kwa hiyo alipotimiza miezi mitano nilimtegemea afanye ya mtoto wa miezi miwili na nusu hivi. Hesabu hiyo hutumika mpaka miaka miwili. Wa jirani aliyezaliwa mwezi uleule akikaa na wako bado anayumba shingo, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kama umeajiriwa, marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yameongeza likizo kwa aliyejifungua njiti, jambo ambalo watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, walilipigania kupitia taasisi yake. Peleka barua ya daktari kwa mwajiri mapema. Sisi wa mwaloni likizo yetu ni kumwachia mwenzako meza na kuomba Mungu awe mwaminifu.

La mwisho ni macho, kwa sababu ndilo linalosahaulika. Njiti wadogo sana, hasa waliokaa kwenye oksijeni, wanaweza kupata tatizo la mishipa ya nyuma ya jicho ambalo kwa nje hulioni kabisa. Kipimo hufanyika kama wiki nne hadi sita baada ya kuzaliwa, na likigundulika mapema linatibika. Likicheleweshwa mtoto anaweza kupofuka. Kabla hujasaini karatasi ya kuruhusiwa uliza tarehe ya macho, iandikwe kwenye kadi, pamoja na ya masikio na ya matone ya madini ya chuma.