Mguu ukikatwa, lilindeni goti

Baba alipoambiwa kwamba mguu wake wa kushoto hauna budi kukatwa, sisi wanawe tulipoteza siku tisa katika vikao vya ukoo na dawa za majani, na siku hizo weusi ulioanzia kidole gumba ukavuka hadi unyayoni. Kisukari na sigara vilikuwa vimebana mishipa yake ya damu, na nyama isiyofikiwa na damu haiponi hata ikisafishwa kila asubuhi.

Ninachowashauri wenye mgonjwa wa namna hiyo ni kuuliza mapema kama mshipa unaweza kuzibuliwa au kupitishiwa njia nyingine, na ikishindikana, waulize mguu utakatwa wapi. Daktari alipapasa mapigo ya damu unyayoni, nyuma ya goti na kwenye kinena, kisha akalinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono: uwiano ukiwa chini ya 0.9 mishipa imebana, ingawa kwa mwenye kisukari mishipa iliyokakamaa huweza kukidanganya kipimo. Goti likibaki, kutembea kwa mguu bandia huchosha kidogo kuliko likiondolewa. Lakini ukikatwa chini mno, mahali pasipo na damu ya kutosha, kidonda hakifungi na mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji. Baba alikatwa chini ya goti, na nadhani tungechelewa zaidi goti nalo lisingebaki.

Siku ya pili mama, kwa huruma, alimwekea mto chini ya goti. Muuguzi aliuondoa bila maneno mengi, akatueleza kwamba goti likizoea kukunjwa hukakamaa, na mguu bandia hauwezi kuvalishwa sawasawa. Tangu hapo baba alilala kifudifudi nusu saa, asubuhi na jioni, akinung'unika kwamba tunamwadhibu kama mtoto.

Usiku alilalamika kuwashwa na kidole kisichokuwepo. Nilimjibu, "Baba, mguu haupo," jibu ninalolijutia, kwa maana maumivu hayo ni ya kweli, yanatoka kwenye mishipa ya fahamu na ubongo, wala si majini, na yana dawa.

Mguu wa kulia tunaukagua kila jioni kwa tochi, hadi katikati ya vidole, kwa kuwa ugonjwa ni uleule. Sigara aliacha.

Kigutu kilipopona, fundi wa miguu bandia, kabla hajatoa futi yake, alimwambia baba anyooshe goti. Likanyooka.